Mgeni Aulizapo Jina la Ndege

Mtumishi wa serikali au mwalimu apatapo marafiki kutoka nchi za nje, jambo la kwanza limjialo akilini ni simba. Huwaza Serengeti na Ngorongoro, huuliza bei ya gari, na huhesabu siku za likizo zilizobaki. Lakini wapo wageni ambao, baada ya kushukuru, husema kwamba hawakuja kwa ajili ya simba. Wamekuja kutazama ndege. Wanataka kwenda shamba, walale katika nyumba ya wageni ya kawaida, waamke jogoo la kwanza, na watembee polepole kwa miguu wakiwa na darubini shingoni. Mwenyeji hucheka kwa adabu. Moyoni hujiuliza ni mtu gani mwenye akili timamu awezaye kusafiri kwa ndege usiku kucha ili aje kutazama ndege mtini.

Swali hilo halifai kuachwa bila jibu. Safari ya kutazama ndege, ingawa yaonekana kama mchezo wa watu wasio na kazi, ni mtihani mkubwa. Na katika mtihani huo anayetahiniwa ni mwenyeji. Msomi mwenye cheti na ofisi huulizwa jambo jepesi kabisa, yaani jina la kiumbe kilichokaa juu ya mti wa nyumbani kwake, akakosa la kujibu. Na anayefaulu, mara nyingi, ni mwanakijiji ambaye hakuna aliyefikiri kumwuliza. Hapo ndipo lilipo suala lenyewe. Taifa lina ujuzi mwingi juu ya ndege wake, lakini ujuzi huo umekaa kwa watu wasiohesabiwa kuwa ni wataalamu, nao hupungua kila azikwapo mzee mmoja ambaye maneno yake hayakuandikwa.

Na uchukuliwe mfano wa Amani, katika wilaya ya Muheza, mkoani Tanga. Barabara huacha tambarare ya michungwa, hufuata bonde la mto Zigi, kisha huingia katika msitu wa milima ya Usambara Mashariki. Wajerumani walianzisha hapo kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902, na mwaka 1997 msitu huo ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Mgeni atazamaye ndege huijua Amani kwa jina kabla hajafika Dar es Salaam, kwa sababu wamo ndani yake ndege ambao makao yao ulimwenguni ni milima ya mashariki ya Tanzania na mahali pengine pachache tu.

Matembezi huanza giza likiwa halijaisha vizuri. Anayetangulia ni kiongozi wa kutoka kijiji cha jirani, aliyevaa viatu vya mpira na koti la zamani. Kwa nusu saa ya kwanza mwenyeji wa mjini haoni kitu. Husikia mchanganyiko wa sauti usio na maana kwake. Kiongozi husimama, huinamisha kichwa, huinua kidole. Kwake yeye sauti zile ni kama mahudhurio ya darasani: huyu yupo, yule hajafika, na wale wawili wanapiga kelele kwa sababu nyoka yu karibu na kiota chao. Hondohondo akipita juu ya miti, mabawa yake yakivuma kama mtu akung'utaye mkeka, kiongozi hana haja ya kutazama juu. Amekwisha kumjua.

Msituni humo yumo ndege mdogo wa kijivu, mwenye mdomo mrefu na mwembamba, ambaye hupenda mimea itambaayo iliyosongamana pembezoni mwa nafasi zilizo wazi msituni. Ni ndege asiye na rangi ya kupendeza wala umbo la kutisha. Mtu aweza kupita chini yake miaka 20 asimwone. Lakini mgeni huweza kusimama mahali pamoja saa mbili, shingo ikimwuma, kwa matumaini ya kumwona mara moja. Na akimwona, machozi humlengalenga. Ndege huyo yuko katika hatari ya kutoweka ulimwenguni. Mwenyeji akitazama machozi yale ndipo huanza kutambua kwamba pana kitu hapa ambacho shule haikumfundisha.

Mgeni akiuliza, "Na yule anaitwaje kwa Kiswahili?" jibu la kawaida la mwenyeji ni moja: "Ah, huyo ni ndege tu." Jibu hilo huonekana kana kwamba lugha ndiyo iliyopungukiwa. Sivyo. Kiswahili kina yangeyange, afuataye ng'ombe malishoni. Kina mnandi, azamiaye samaki. Kina mwari, heroe na kwarara. Kina mdiria wa kando ya maji na kigogota wa kutoboa magogo. Kina chozi anyonyaye maua, shorewanda wa bustanini, mbayuwayu wa chini ya paa, na mumbi atembeaye nyikani kama mzee wa baraza. Aliyepungukiwa ni msemaji. Amejifunza majina ya miji mikuu ya mabara yote, na hakujifunza jina la jirani yake wa juu ya mwembe.

Zaidi ya Kiswahili, zipo lugha za makabila zenye hazina kubwa zaidi katika jambo hili, kwa kuwa walioishi na ndege hao ndio waliowapa majina kwa kufuata sauti zao, mwendo wao na majira yao. Hazina hiyo haijakusanywa ipasavyo. Mara nyingi mtu afunguapo kamusi hukuta maelezo mafupi kwamba neno alitafutalo ni aina ya ndege, na basi. Kwa upande mwingine, kitabu cha ndege wa Afrika Mashariki cha Stevenson na Fanshawe, kilichotolewa mwaka 2002, kina ndege zaidi ya 1,300 wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi, kila mmoja na picha yake na maelezo ya sauti yake, kwa Kiingereza. Waandishi hao hawana lawama. Wametimiza kazi kubwa. Lawama ni ya wale ambao kazi ya upande wa pili ilikuwa yao.

Upungufu huu una historia, nayo yafaa ikumbukwe. Mwaka 1928 Mwingereza Reginald Moreau alipelekwa kufanya kazi katika kituo cha Amani, akakaa huko mpaka mwaka 1946. Hakusomea elimu ya ndege chuoni, lakini alikuja kuwa mmoja wa wataalamu wakubwa wa ndege wa Afrika, na aliporudi kwao akawa mhariri wa jarida maarufu la ndege la Uingereza. Yule ndege wa kijivu wa Amani huitwa kwa jina lake katika vitabu vya sayansi. Na ndege mwingine, wa milima ya Uluguru, huitwa kwa jina la mkewe Winifred. Hayo walistahili. Lakini Moreau hakuwa peke yake msituni. Alikuwa naye Mtanganyika, Salimu Asmani, aliyekuwa macho na masikio yake, akitafuta ndege na kumletea habari zao. Wageni wengi wanaofika Amani hulijua jina la Moreau. Ni wenyeji wangapi, hata katika shule za Muheza, wanaolijua jina la Salimu Asmani?

Huko Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, na baadaye Zambia, alikuwako mtu mwingine wa namna hiyo, Jali Makawa, aliyefanya kazi kwa miaka mingi pamoja na mtaalamu C. W. Benson. Mwaka 1964, kaskazini-magharibi ya Zambia, Makawa alipata ndege mdogo ambaye hakufanana kabisa na mwingine yeyote aliyejulikana. Mwaka uliofuata ndege huyo alipewa katika sayansi jina la Makawa. Mpaka leo hajapatikana wa pili. Ndege huyo mmoja amehifadhiwa katika makumbusho ya Uingereza, na wataalamu wangali wakibishana kama ni aina yake peke yake au la. Vyovyote itakavyoamuliwa, jina la Mwafrika limo katika daftari la sayansi, nalo limo humo kwa haki. Mfano huo ulikuwa nadra wakati wake, na ungali nadra.

Yako mambo ya Tanzania yenyewe yenye mafunzo makubwa zaidi. Mwaka 1991 wataalamu kutoka Denmark walikuwa kambini katika milima ya Udzungwa. Siku moja, walipotazama ndani ya sufuria ya chakula, waliona miguu ya ndege ambayo hawakuitambua. Kutokana na miguu ile ulianza uchunguzi, na mwaka 1994 ikatangazwa kwamba amepatikana kwale mpya kwa sayansi, ambaye jamaa zake wa karibu wako mbali huko Asia. Habari hiyo ilishangaza wataalamu wa nchi nyingi. Lakini ni dhahiri kwamba kwale yule hakuingia sufuriani mwenyewe. Alitegwa, akanyonyolewa, akapikwa. Walikuwako watu waliojua mahali alalapo, njia apitayo na utamu wa mchuzi wake. Kilichokosekana ni mtu wa kusikiliza ujuzi ule na kuuandika.

Wala isidhaniwe kwamba Udzungwa ni mahali pa ajabu peke yake. Chozi mwenye mabawa ya rangi ya kutu alitangazwa kutoka msitu wa Mwanihana, katika milima hiyo hiyo, mwaka 1983. Ndege mwingine wa jamii ya wafumaji, aishiye katika matete ya bonde la Kilombero, alitangazwa mwaka 1990. Wavuvi wa Kilombero walikuwa wakipita na mitumbwi yao chini ya viota vyake siku zote. Katika nchi yenye aina zaidi ya 1,000 za ndege, mambo kama hayo yanaweza kutokea tena. Na yatakapotokea, itakuwa aibu ikiwa mwalimu wa shule ya jirani atasoma habari hizo gazetini kama habari za sayari nyingine.

Wapo watakaosema kwamba ujuzi wa mwanakijiji ni hadithi za wazee, na kwamba sayansi ni kitu kingine. Hao na watazame habari za ndege aongozaye watu kwenye asali. Warina asali wengi wa Afrika wanajua kwamba yupo ndege ambaye huja, akaita, akatangulia mti hadi mti mpaka kwenye nyuki. Mtu huchukua asali, naye ndege hupata nta. Mwaka 2016 jarida la Science lilichapisha uchunguzi uliofanywa miongoni mwa Wayao wa Niassa, kaskazini ya Msumbiji. Ilionekana kwamba mrina asali akitoa mwito maalumu aliofundishwa na baba yake, uwezekano wa kuonyeshwa nyuki hupanda kutoka kama 17 hadi 54 katika mia, kuliko akitoa sauti nyingine yoyote. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2023 uliwahusisha pia Wahadzabe wa Tanzania, ambao huita kwa mluzi. Ndege wa nchi ya Wahadzabe waliitikia mluzi wa wenyeji wao zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Wayao. Maana yake ni kwamba ndege hujifunza lugha ya watu wanaoishi nao. Basi ikiwa ndege amejifunza lugha ya mwenyeji, ni jambo la kusikitisha mwenyeji aliyesoma asipojua hata jina la ndege.

Hoja ya pili ya wapinzani ni nzito zaidi, nayo haifai kudharauliwa. Husemwa kwamba nchi ina upungufu wa madawati, maji na dawa, na kwamba kuhesabu ndege ni anasa. Mkulima wa Dodoma au Singida amjuaye kwelea kwelea hana hamu ya kuambiwa habari za uzuri wa ndege. Ndege mmoja wa aina hiyo hula karibu gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la ndege milioni moja, basi, humaliza tani 10 kabla jua halijatua. Watoto hukaa juu ya dungu tangu alfajiri wakiamia, wakirusha mawe na kupiga madebe, na wengine hukosa masomo kwa ajili hiyo. Kwa mtoto huyo, ndege ni adui.

Lakini hoja hiyo, ikichunguzwa, huthibitisha haja ya ujuzi. Mtu asiyeweza kumtofautisha kwelea kwelea na ndege wengine wa manyasini hawezi kujua ni kiota kipi cha kuharibu na kipi cha kuacha, wala ni kundi lipi la kutolea taarifa kwa bwana shamba. Sumu inyunyizwapo bila uangalifu huua pia mwewe na bundi ambao wangekula kwelea na panya bure. Korongo weupe, wanaofika Tanzania kutoka Ulaya katika miezi ya mvua, hula nzige na viwavi mashambani bila kudai ujira. Anayewaita wote "ndege tu" huwahukumu wote kwa kosa la mmoja, na hiyo si hukumu ya haki hata katika baraza la kijiji.

Gharama ya kutojua imeonekana katika nchi nyingine. Huko Bara Hindi, tangu miaka ya 1990, tai wala mizoga walikufa kwa mamilioni. Ilichukua miaka kutambua, mnamo mwaka 2004, kwamba walikuwa wakiuawa na dawa ya maumivu iitwayo diklofenaki, waliyopewa ng'ombe ambao baadaye walikufa na kuliwa na tai. India ilipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006, lakini tai walikuwa karibu wamekwisha. Mizoga ilibaki ikioza, na mbwa wasio na wenyewe wakaongezeka. Mwaka 2015 aina nne za tai wa Afrika nao waliwekwa katika daraja la juu kabisa la hatari ya kutoweka, na moja ya sababu kubwa ni mizoga inayotiwa sumu. Afisa wa wilaya asiyejua tofauti ya tumbusi na tai mwindaji hatajua siku ambayo tumbusi hawakuonekana tena angani.

Yupo pia mfano wa karibu zaidi, anayelia juu ya mapaa ya Dar es Salaam kila asubuhi. Kunguru yule mwenye shingo ya kijivu aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili asaidie kuondoa takataka za mji. Alikula takataka, kisha akala mayai na makinda ya ndege wengine, vifaranga vya kuku na chakula mezani, akavuka bahari, akaenea pwani nzima na kuingia bara. Watu wenye nia njema walimleta ndege wasiyemjua tabia. Kizazi cha leo kinalipa deni lao.

Kwa hiyo mgeni mwenye darubini hakuleta anasa mpya. Ameleta kumbukumbu ya wajibu wa zamani. Na safari yake hufundisha pia kwamba hakuna nchi iwezayo kudai ndege kuwa ni mali yake peke yake. Mwaka 1822, huko Klütz, Ujerumani, alipigwa korongo ambaye shingoni mwake mlikuwa na mshale mrefu wa Kiafrika. Alikuwa amechomwa Afrika, akaruka nao hadi Ulaya. Ndipo wataalamu wa huko, waliokuwa wakibishana iwapo korongo hulala mapangoni wakati wa baridi au huenda mbali, walipopata ushahidi ulio wazi. Korongo huyo amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock hata leo. Mkulima wa Afrika na mwanakijiji wa Ujerumani walikuwa na jirani mmoja bila ya kujuana. Mgeni aonapo korongo katika nyika ya Tanzania huweza kusema kwamba huyu alijenga juu ya dohani ya nyumba yao. Mwenyeji angefurahi kumjibu kwamba huku naye hufanya kazi yake, na kueleza kazi gani.

Hata hivyo, heshima kwa ndege isitangulie heshima kwa watu. Misitu inayowavuta wageni ilihifadhiwa kwa gharama, na gharama hiyo kwa sehemu kubwa ililipwa na wanavijiji. Huko Usambara Mashariki, katika ukanda wa Derema, wakulima waliokuwa wakilima iliki walitakiwa, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kuacha mashamba yao ili vipande vya msitu viunganishwe, na suala la fidia lilichukua miaka mingi. Msitu ulioungana ni faida kwa ndege, kwa chemchemi na kwa mji wa Tanga unaokunywa maji ya Zigi. Lakini mama aliyekatazwa kuokota kuni mahali ambapo mgeni anaruhusiwa kutembea ana haki ya kuuliza faida yake yeye ni ipi. Akijibiwa kwa hotuba, hataridhika. Atajibiwa vizuri zaidi ikiwa mwanawe ndiye kiongozi wa wageni, analipwa ujira wa mtaalamu, na ushuru wa msitu unaonekana katika zahanati ya kijiji.

Hapa ndipo mwenyeji wa mjini hukosea mara nyingi. Hujadiliana bei ya gari kwa adabu, hulipa nyumba ya wageni bila neno, lakini afikapo kwa kiongozi wa msituni huanza kupunguza shilingi, kwa kuwa eti huyo "anatembea tu." Aliyetembea tu ndiye aliyemwonyesha mgeni kitu alichokifuata kutoka ng'ambo ya bahari. Ujuzi wake ulimchukua miaka 30 kuupata. Kumlipa chini ya dereva, au kumwacha nje wakati wa chakula, ni kutangaza mbele ya wageni kwamba ujuzi wa Mtanzania una thamani pale tu unapokuwa na muhuri.

Mwalimu anaweza kufanya nini? Mengi, na mengi yake hayahitaji fedha. Shule inaweza kuwa na daftari moja la ndege, ambamo wanafunzi huandika tarehe waliyomwona mbayuwayu wa kwanza wa msimu, mahali palipo na kiota, na aina za ndege wanaokuja shambani mwa shule wakati wa mavuno. Baada ya miaka 10 daftari hilo litakuwa na thamani ambayo hakuna mtaalamu wa kigeni awezaye kuinunua, kwa kuwa yeye hukaa wiki mbili na shule hukaa siku zote. Wanafunzi wanaweza kutumwa kwa mabibi na mababu zao kuuliza majina ya ndege kwa lugha za nyumbani na sababu za majina hayo. Mvulana mwenye manati, ambaye kwa kweli ndiye ajuaye ndege kuliko mwalimu wake, anaweza kupewa kazi ya kufundisha darasa badala ya viboko peke yake. Miaka ya 1960 ilipotangazwa kwamba elimu iwe ya kujitegemea, maana yake moja ilikuwa hiyo: shule isome mazingira yake.

Mwalimu ndiye pia awezaye kuondoa hofu zisizo na msingi. Katika sehemu nyingi bundi akilia juu ya paa watu husema kuna kifo, naye hupigwa mawe. Bundi huyo huenda amefuata panya waliojaa ghalani. Darasa likipasua vidonge vikavu vya bundi, vile avitapikavyo chini ya mti, likahesabu mafuvu ya panya yaliyomo, halitahitaji mahubiri. Hesabu itajisemea yenyewe. Kisiwani Pemba anaishi bundi mdogo asiyepatikana mahali pengine popote ulimwenguni. Mtoto wa Pemba ajuaye hivyo atamwona kama urithi wake.

Mtumishi wa serikali naye ana sehemu yake. Anayeandika ripoti za kilimo, maliasili au afya anaweza kuandika jina la ndege badala ya neno "ndege" peke yake. Wanaoshughulikia lugha, lililo mbele yao likiwa Baraza la Kiswahili la Taifa, wanaweza kukaa pamoja na viongozi wa misitu na wataalamu wa wanyama, wakapatana juu ya majina ya Kiswahili kwa ndege wote wa nchi, wakianza na yale ambayo watu wanayo tayari kabla ya kutunga mapya. Na katika kumbukumbu za hifadhi, mahali yatajwapo majina ya wagunduzi, yatajwe pia majina ya waliowaongoza.

Mwaka 1961, katika mkutano wa Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kwa niaba ya Serikali kwamba wanyama wa mwituni na makao yao ni amana ambayo Watanganyika watailinda kwa ajili ya vizazi vijavyo. Tamko hilo husifiwa sana na wageni. Lakini mlinzi wa amana hupaswa kuwa na orodha ya vitu alivyokabidhiwa. Asiyejua kilichomo ghalani hawezi kujua kilichoibwa, wala hawezi kumkabidhi mrithi. Marafiki wa ng'ambo wakija na darubini zao, wapokewe kwa ukarimu, waonyeshwe njia, wasikilizwe wanapoeleza wayajuayo. Kisha mwenyeji naye awe na la kuwaeleza, kwa jina lake, kwa lugha yake, na kwa kumtaja kijijini yule aliyemfundisha.